Kuichambua namba 462,462 mpaka vigawo vyake

Tuchukulie ni hesabu ya boriti bandarini Lamu. Korja ni 20, kwa hiyo unapata korja 23,123 na boriti 2 zinabaki: namba haiishii na 0, basi 20 haiwezi kuigawa.

Anza na namba tasa ndogo (tasa hugawika kwa 1 na yenyewe tu). Inaishia na 2, igawe kwa 2: 231,231. Jumla ya tarakimu hizo ni 12, kwa hiyo 3 inaingia: 77,077. Gawa kwa 7: 11,011. Hapa ndipo wengi hukosea, wanaruka kwenda 11 kabla ya kuijaribu 7 tena. Ijaribu: 1,573. Kisha 11 mara mbili, 143 halafu 13. Hiyo ni tasa, simama.

Yaani 2 × 3 × 7² × 11² × 13. Kupata idadi ya vigawo vyote, yaani namba zote zinazoigawa bila baki, ongeza 1 kwenye kila kipeo (ile namba ndogo ya juu; isipoandikwa ni 1), uzidishe: 2 × 2 × 3 × 3 × 2 = 72. Ukiisahau 7 ya pili utapata 48, na hutaona kosa mpaka uzidishe vyote upya: lazima irudi 462,462.

Njia ya mkato, nzuri mno: tarakimu tatu zikijirudia, namba ni 462 × 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13.