Jinsi ya kutengeneza benchi la mashua linalogeuka chombo cha kuokolea

Katika mashua nyingi za pwani yetu ya Tanga, benchi la abiria ni ubao uliopigiliwa misumari, na chombo kikizama ubao huo huzama nacho. Nafasi ileile, ikitengenezwa kwa hesabu, inaweza kuwashikilia watu sita juu ya maji mpaka msaada ufike. Mwongozo huu unamhusu mwenye chombo, nahodha na fundi seremala, na vifaa vyake vyote vinapatikana mjini: mbao, madumu ya lita 20, kamba na skrubu. Lisemwe mapema kwamba benchi hili ni nyongeza tu. Kila abiria anastahili jaketi lake la kujiokolea, na ukaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, unabaki palepale. Kazi ya benchi ni kumsaidia yule ambaye jaketi halikumfikia, na kuwaweka watu pamoja ili wasitawanywe na mkondo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalianza kuandika mkataba wa usalama wa maisha baharini unaojulikana kama SOLAS, na toleo lake la mwaka 1960 liliweka masharti ya vyombo vya kuelea ambavyo watu huvishikilia wakiwa majini, na hata benchi la sitahani lililotengenezwa kwa kazi hiyo liliweza kuwa chombo cha namna hii. Masharti hayo yalitaka chombo kiweze kutupwa majini bila kuvunjika. Kisizidi kilo 180 kama hakuna mtambo wa kukishusha. Kielee sawasawa upande wowote utakaotokea juu. Hewa yake iwe karibu na kingo. Na kizungushiwe kamba ya kushika. Idadi ya watu ilipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kilo za chuma ambazo chombo kinaweza kuzibeba katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kuzigawa kwa 14.5, na ya pili ni kugawa mzingo wake kwa milimita 305, kisha inachukuliwa hesabu iliyo ndogo. Vyombo vya namna hii havitoshi kwa meli kubwa za leo, kwa kuwa mtu hubaki ndani ya maji, lakini kwa mashua ya mbao katika bahari yenye joto kama yetu bado ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Tofauti ya kitu kinachoelea na kitu kinachoelea pamoja na mtu ndiyo inayowapotosha wengi. Usiku ule wa Titanic, mwoka mikate mkuu Charles Joughin alitupa viti vingi vya sitahani baharini ili watu wapate cha kushika. Alifanya jambo jema kwa alichokuwa nacho, lakini kiti cha mbao chenye kilo 8 humpa mtu msaada wa kama kilo 4 tu, kwa sababu mbao yenyewe imekwisha kutumia sehemu kubwa ya uwezo wake kujibeba. Katika ajali ya MV Spice Islander I, iliyozama tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, baadhi ya walionusurika walikuwa wameshikilia magodoro. Godoro la sponji huelea kwa muda, kisha hunywa maji na kuwa zito. Mito ya sufi, ambayo wazee wetu waliijua vizuri, hubeba mara nyingi ya uzito wake ikiwa mipya, lakini sufi iliyokaliwa kila siku hulala na kupoteza hewa, mafuta yakiipata huharibika, na hushika moto upesi. Kwa hiyo mto wa kukalia usiuhesabu kabisa.

Tuingie kwenye kazi. Benchi letu ni sanduku la fito lenye urefu wa sentimita 180, upana 45 na kimo 35, lisilo na egemeo wala miguu. Egemeo hulifanya lielee upande mmoja, na miguu humjeruhi mtu aliye majini. Mbao za mtiki, ambazo mkoa wetu unazo katika shamba la miti la Longuza kule Muheza, zinafaa sana kwa kuwa zinavumilia maji. Zikiwa na unene wa sentimita 2, zipigwe kwa kuachiana nafasi juu, chini na pembeni, ili maji yaingie na kutoka bila kizuizi. Kuna mafundi watakaoshauri sanduku zima lizibwe na kukalafatiwa, yaani kujazwa mianya, kama mashua yenyewe. Usikubali. Sanduku lililozibwa likipata ufa mmoja limekwisha, ilhali madumu sita yaliyotengana yana vyumba sita vya hewa. Tumia skrubu zisizoshika kutu, na lainisha kingo zote kwa msasa, maana benchi litakapochomoka chini ya maji litapanda kwa nguvu kati ya watu.

Madumu yalazwe ubavu, kila moja likikingama upana wa benchi ili hewa ifike kingo zote mbili. Chagua madumu mazito yaliyokuwa na mafuta ya kula, yasiyo na mikunjo, na uyaoshe. Chini ya kila kifuniko weka washa ya mpira iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Yafunge alfajiri, hewa ikiwa ya baridi, kwa sababu dumu lililofungwa saa saba mchana likitumbukia majini hewa yake husinyaa, na kama kifuniko kina upenyo mdogo maji hufyonzwa ndani. Kulipima, liache juani mpaka livimbe kidogo kisha lizamishe kwenye pipa: mapovu yakitoka kifunikoni, libadilishe. Madumu yakishaingia yasicheze. Yabane kwa vipande vya mbao. Mwisho yapake rangi nyekundu na ufunge fito za juu kwa skrubu, kwa kuwa siku ambayo mafuta ya mashine yatahitaji chombo, dumu la benchi ndilo litakaloazimwa kwanza.

Hesabu yake ni hii. Dumu moja hutoa msaada wa kama kilo 19, na sita hutoa 114. Chuma cha watu sita, yaani 14.5 mara sita, ni kilo 87, ambacho kikiwa ndani ya maji hupungukiwa sehemu moja ya nane na kuwa kama kilo 76. Kwa hiyo hata madumu mawili yakitoboka, manne yaliyobaki yanatosha. Mzingo wa benchi ungeruhusu watu 14, na madumu yote yakiwa mazima chuma kingeruhusu tisa, lakini mimi nashauri paandikwe sita. Kazi ya karakana haina uhakika wa kiwanda, na tofauti hiyo ndiyo akiba yetu.

Kamba ya kushika iwe ya nailoni yenye unene wa milimita 10 hivi. Ipitishe kwenye matundu ya fremu pande zote nne, ukipiga fundo ndani na nje ya kila tundu, na uache vitanzi vinavyoning'inia vya kutosha mkono kupita hadi kwenye kiwiko. Mtu aliyechoka hawezi kukaza vidole kwa saa nyingi, lakini anaweza kuning'inia kwa mkono uliopitishwa kitanzini. Vitanzi viwe katikati ya kimo cha benchi, ili vifikike upande wowote ukiwa juu.

Sehemu ninayoomba isomwe mara mbili ni ya kulifunga benchi ndani ya mashua, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri ya fundi hupotea. Benchi lisipigiliwe msumari hata mmoja kwenye chombo. Likienda chini na mashua hadi mita 10, mgandamizo wa maji huwa mara mbili ya ule wa juu, madumu hubonyea, na nguvu yake ya kuelea hupungua karibu nusu. Lazima lichomoke mapema na lenyewe. Pigilia sakafuni vizuizi vinne vya mbao kwenye pembe, vyenye kimo cha sentimita 5, vilivyopanuka kidogo juu, na uache nafasi ya kidole kati yake na benchi ili mbao zikivimba lisikwame. Vizuizi hivyo hulizuia kuteleza chombo kinapolala na upepo, lakini havilizuii kupanda.

Kwa mawimbi ya kusi vizuizi peke yake havitoshi, kwa hiyo ongeza uzi mmoja wa katani kutoka katikati ya benchi hadi kwenye pete ya sakafuni. Uwe mwembamba kiasi cha kukatika ukining'inizwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Usipokatika, punguza nyuzi na ujaribu tena. Usiupitishe juu ya benchi na kuurudisha upande wa pili, maana hapo utashika mara mbili na unaweza kulishinda benchi. Katani huoza kwa maji ya chumvi, hivyo ibadilishwe mara kwa mara. Usitumie nailoni mahali hapa.

Angalia pia kilicho juu. Turubai la kivuli lililokazwa vizuri linaweza kulinasa benchi pamoja na watu. Kama turubai haliepukiki, lifungwe kwa mafundo ya kuvuta mara moja, na angalau benchi moja liwekwe nje ya kivuli, kwa mfano kwenye shetri, yaani nyuma ya mashua. Mashua ikipinduka ghafla, mabenchi yaliyo ndani yanaweza kubanwa chini ya chombo, na lile la nje ndilo litakalofika juu.

Jaribio lifanywe baharini kabla ya abiria kulikalia. Funga chini ya benchi kilo 90 za vipande vya nondo au chuma chakavu, zile tatu za ziada zikiwa fidia ya maji ya chumvi ambayo hubeba zaidi kuliko maji baridi. Usitumie mawe wala mchanga, kwa kuwa hupungukiwa uzito mwingi majini na kukupa majibu ya uongo. Liache lielee usiku na mchana mzima. Chagua siku za maji mafu, yaani bahari inapojaa na kupwa kidogo, na mahali ambapo hata maji yakipwa chuma hakitagusa chini. Siku za bamvua, kinyume chake, bahari yetu hushuka sana, na benchi lililokalia chuma chake mchangani halijajaribiwa. Kisha ligeuze na uangalie kama linaelea vilevile. Jaribio la pili ni la kuchomoka: mashua ikiwa kwenye maji ya kiunoni, watu wawili walinyanyue benchi wima kwa nguvu, na uzi ukatike bila kisu.

Kila safari, kabla ya kung'oa nanga, nahodha awaeleze abiria mambo mawili. Kwanza, benchi hushikwa, halipandwi. Mwili ulio majini karibu hujibeba wenyewe, lakini mtu wa kilo 60 akikaa juu hutumia zaidi ya nusu ya uwezo wote na kuwanyima wenzake. Mtoto mdogo au majeruhi mmoja anaweza kulazwa juu, wengine wote wabaki kwenye vitanzi. Pili, halitupwi juu ya watu, bali huteremshwa majini kando yao. Benchi lina kama kilo 40, na watu wawili wanalimudu.

Mara moja kwa mwaka, mashua inapopandishwa pwani kukalafatiwa, fungua fito, toa madumu yote, uyapime tena kwenye pipa, na ubadilishe yaliyoanza kukakamaa kwa jua. Rangi ikipakwa upya, maneno WATU 6 yaandikwe tena kwa herufi kubwa pande zote mbili, na vizuizi vya sakafuni visipakwe kabisa, kwa sababu rangi ikirundikana humaliza ile nafasi ya kidole.