Pochi mbili na daftari

Nakaanga samaki Mbagala, mwaka wa 12 sasa. Wadogo zangu wa mtaani wakinijia kuuliza mtaji unapatikana wapi, nawaambia mtaji tutauongea baadaye. Kwanza tafuta daftari na pochi mbili.

Pochi moja ya biashara, nyingine yako. Alfajiri nikienda mnadani Feri nabeba ya biashara tu. Nikinunua vibua vya 60,000 naandika palepale, pamoja na nauli na hela ya mpara samaki. Nikirudi naongeza mafuta, mkaa, karatasi za kufungia. Gharama zote zikifika 85,000 na mauzo yakawa 110,000, faida ni 25,000, si 50,000. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa natoa hela ya samaki tu kwenye mauzo, nikajiona nimefanikiwa, kumbe mkaa na nauli vinakula mtaji.

Kwenye faida hiyo jilipe. Mimi najilipa 10,000 kwa siku, inayobaki inarudi kazini. Mtoto akitaka madaftari, wifi akiomba nauli, inatoka kwenye pochi yangu. Hata samaki wa meza ya biashara wakiliwa nyumbani nawalipia. Wengi wanaona huo ni uchoyo. Mimi nimeona meza nyingi zikifa kwa samaki wa bure.

Mkopo kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, kaa nao mbali, nakuomba. Niliuchukua mara moja mwanangu alipolazwa. Rejesho ni kila siku, na mvua ikinyesha siku nzima wateja hawaji ila rejesho linakuja. Niliposhindwa kulipa, wakopeshaji walibeba meza, jiko na karai, majirani wanatazama.

Ndiyo maana ingia kwenye kikoba mapema, kabla hujapata shida. Chetu kina wanawake 22. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu. Unanunua hisa kila wiki, ukikopa unakopa kwa wenzako, na riba mnagawana wenyewe mwisho wa mzunguko. Mkishazoeana hivyo, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba ya kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimama mwaka 2023, ikarudi 2024, kwa hiyo kama uliambiwa haipo, rudi ukaulize tena.

Halafu, ukipata kitu cha kudumu, andika jina lako. Nimenunua kiwanja kidogo Chanika kwa hela ya vibua. Shemeji alishangaa mke wa mtu kuandikwa peke yake. Nikamweleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe. Mume wangu alikuwepo, akasema mwandikeni yeye, ni jasho lake.

Januari iliyopita ukoo ulikaa kuamua binti yetu aende shule gani ya kidato cha kwanza. Zamani vikao hivyo nilikuwa napeleka chai na kurudi jikoni. Safari hii baba yake mkubwa alinigeukia mimi kwanza: "Mama, wewe unaonaje?" Nilisema nataka bweni, na ada ya muhula wa kwanza ninayo.