Jinsi ya Kutofautiana na Mhariri Mwenzako Katika Wikipedia

Kila anayehariri Wikipedia hufikia siku ambayo aya aliyoihangaikia jioni nzima inaondolewa na mtu asiyemfahamu, kwa maneno mawili matatu yaliyoandikwa haraka katika historia ya ukurasa. Mwongozo huu unahusu yanayofaa kufanywa tangu hapo, na kwa kiasi fulani yanayofaa kufanywa kabla ya hapo, kwa sababu ugomvi mwingi wa wahariri hutokana na namna badiliko lilivyofanywa kuliko na yale yaliyoandikwa.

La kwanza kulielewa ni kwamba hakuna mhariri mkuu wa kumkimbilia. Tangu kamusi elezo hii ilipoanzishwa Januari 2001, yaliyomo katika makala yamekuwa yakiamuliwa na wahariri wenyewe kwa kuafikiana, na Wikimedia Foundation, inayotunza seva na kusimamia fedha, kwa kawaida haiingilii swali la sentensi ipi ibaki na ipi iondoke. Hata mkabidhi, yaani mtumiaji aliyepewa na jumuiya mamlaka ya ziada, si hakimu wa maudhui. Anaweza kuufunga ukurasa usihaririwe kwa muda, kuufuta, au kumzuia mtumiaji anayevunja taratibu, lakini akiingia katika hoja ya maudhui, neno lake lina uzito uleule wa neno lako. Wageni wengi huja kulijua hilo wakiwa wamekwisha kumwandikia mkabidhi malalamiko marefu, naye akawajibu kwa mstari mmoja kwamba warudi kwenye ukurasa wa majadiliano, ule unaoambatana na kila makala ili wahariri wajadiliane humo.

Hariri kwa namna inayorahisisha kukubaliana

Mhariri anayepanga upya makala nzima, akaongeza sehemu mpya, akafuta picha na kusahihisha tahajia, yote kwa kubonyeza kitufe cha kuhifadhi mara moja, anamwachia mwenzake uamuzi mgumu, kwa kuwa asiyekubaliana na kufutwa kwa picha ile inambidi ama atengue kila kitu, yaani airudishe makala kama ilivyokuwa, ama akae akitafuta kipande kimoja ndani ya mabadiliko mengi. Wengi hutengua kila kitu. Gawanya kazi yako basi, hifadhi kila hatua peke yake, na katika nafasi ya muhtasari eleza ulichofanya na sababu yake. Muhtasari unaosema «nimeondoa sentensi ya pili kwa kuwa chanzo chake hakitaji tarehe hiyo» unaweza kuzuia mabishano ya wiki nzima, ilhali muhtasari mtupu humwacha msomaji akisie nia yako, na watu wakikisia nia ya mtu wasiyemjua ni nadra kukisia mema. Kama unakusudia mageuzi makubwa katika makala yenye wahariri wengine, yatangaze kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano na usubiri siku kadhaa.

Badiliko lako likitenguliwa

Usilirudishe. Fungua historia ya ukurasa, linganisha toleo lako na lile lililofuata, usome muhtasari wa aliyetengua, kisha ujiulize anapinga nini hasa. Huenda anapinga chanzo, akisema hakiaminiki au hakisemi ulichoandika. Huenda anakubali kwamba jambo ni la kweli, ila anaona limepewa nafasi kubwa kupita kiasi katika makala hiyo. Au anapinga maneno tu, kama pale ulipoandika kwamba mtu «alidai» wakati chanzo kinasema «alieleza». Pingamizi hizi tatu zina dawa tofauti, na mabishano mengi hayaishi kwa sababu mmoja anatetea ukweli wa jambo ambalo mwenzake hajawahi kuukana.

Utaratibu ambao wahariri wazoefu hufuata ni huu: badilisha kwa ujasiri, ukitenguliwa acha, nenda kajadili. Wanaokwenda kinyume, wakawa wanarudishiana mabadiliko asubuhi na jioni, huwa wameingia katika vita vya uhariri. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wengine zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa kuhariri, hata kama hoja yake ni sahihi. Wapo wanaoisoma kanuni hiyo kana kwamba inampa kila mtu haki ya kutengua mara tatu kwa siku. Haitoi haki hiyo, na mtu huzuiwa hata kabla ya kufikia idadi hiyo ikionekana wazi kwamba anapigana. Uharibifu wa dhahiri hauhesabiwi humo, wala kuondoa tuhuma zisizo na chanzo dhidi ya mtu aliye hai. Lakini usiite «uharibifu» badiliko la mtu aliyekuja na chanzo na sababu, hata kama unaamini amekosea. Neno hilo lina maana mahususi katika jumuiya hii, nalo likitumiwa vibaya huwa ndilo linalofunga mlango wa mazungumzo.

Namna ya kuandika kwenye ukurasa wa majadiliano

Tuchukue mfano wa urefu wa mlima Everest. Mhariri mmoja anakuta mita 8,848, anaandika 8,844 na kuweka chanzo. Wa pili anatengua. Wa pili huyu akienda kwenye ukurasa wa majadiliano na kuandika, «Acha kuharibu makala, kila mtu anajua ni 8,848», amemshambulia mwenzake, ametaja «kila mtu» asiyeweza kuthibitishwa, na hakutoa njia yoyote ya kutoka. Linganisha na ujumbe huu:

«Salaam ndugu. Nimeona umebadilisha 8,848 kuwa 8,844. Nimesoma chanzo chako. Kinahusu upimaji wa China wa mwaka 2005, uliopima mwamba bila theluji na barafu iliyo juu yake. Chanzo kilichokuwapo kinapima mpaka juu ya theluji. Napendekeza tuandike: ‘Kileleni, mlima una mita 8,848 ukijumuisha theluji; upimaji wa China wa mwaka 2005 ulipata mita 8,844.43 kwa mwamba peke yake.’ Unaonaje?»

Ujumbe huu umetaja badiliko lenyewe, umeonyesha kwamba mwandishi wake amekisoma chanzo cha mwenzake, na umeweka mezani sentensi iliyo tayari kuingia katika makala. Hili la mwisho ndilo naliona lina nguvu kuliko yote. Watu wanaobishana juu ya msimamo wanaweza kuendelea mwezi mzima, ila watu wanaobishana juu ya sentensi moja iliyoandikwa mbele yao huanza kubadilishana maneno ndani yake, na kila neno linalobadilishwa hupunguza eneo la ugomvi. Nepal na China zenyewe ziliufuata mkondo huo mwaka 2010, kila upande ulipokubali kipimo cha mwenzake, kwa kuwa kimoja kinahesabu theluji na kingine mwamba, na tarehe 8 Desemba 2020 zikatangaza kwa pamoja kipimo kipya cha mita 8,848.86. Kwa hiyo anayebishania makala hiyo leo kwa chanzo cha mwaka 2005 anapaswa kwanza kutazama kama kimepitwa.

Mambo ya kiufundi ni machache. Weka sahihi kwa alama nne za mawimbi (~~~~) mwishoni mwa ujumbe, tumia nukta mbili (:) mwanzoni mwa mstari ili jibu lako liingie ndani chini ya lile unalolijibu, na mtaje mwenzako kwa jina lake la mtumiaji ili apate taarifa. Kisha usubiri. Unayemjibu ni mtu wa kujitolea, ana kazi na familia, na pengine kwake ni usiku wa manane. Ukimya wa saa chache haumaanishi kwamba amekubali wala kwamba anakudharau. Ukiwa umekasirika, andika jibu lako pembeni na ulisome kesho yake kabla ya kulituma, kwa kuwa kila neno unalolituma hubaki katika historia ya ukurasa na litasomwa na wahariri ambao hawajajiunga bado.

Pale vyanzo vinapogongana

Wikipedia haimtaki mhariri aamue nani kati ya wataalamu ana haki. Inamtaka aeleze wanachosema, amtaje anayesema, na aipe kila rai nafasi inayolingana na uzito wake katika vyanzo vya kuaminika. Idadi ya wahariri wanaoipenda rai fulani haiingii katika hesabu hiyo. Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwa sababu uzito haupimwi kwa rula. Njia inayosaidia ni kutafuta vitabu vya kiada au ensaiklopedia nyingine zinazolieleza somo lote kwa ujumla, na kutazama zenyewe zimeipa rai hiyo aya ngapi, au kama zimeitaja hata kidogo. Anayetaka jambo liingie ndiye mwenye wajibu wa kuleta chanzo; si kazi ya anayelipinga kuthibitisha kwamba si kweli. Na usiunganishe vyanzo viwili ili kupata hitimisho ambalo hakuna hata kimoja kati yake kinacholisema, hata kama hitimisho hilo linaonekana wazi kwako.

Ugomvi wa majina ndio mbaya kuliko yote, maana pande zote mbili huwa na vyanzo. Mji wa Poland unaoitwa Gdańsk uliitwa Danzig na Wajerumani, na wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliusumbukia kwa muda mrefu mpaka mwaka 2005, walipopiga kura na kuamua kwamba makala zitumie Danzig kwa kipindi cha kuanzia 1308 hadi 1945, na Gdańsk kwa nyakati nyingine. Kura si kawaida katika jumuiya hii, na sipendekezi uikimbilie. Kinachofaa kuigwa pale ni kwamba swali lisilogawanyika, la jina gani ni sahihi, liligeuzwa kuwa swali la kipindi gani jina gani lilitumika, na swali la namna hiyo linaweza kujibiwa kwa vyanzo. Kwa upande mwingine, makala ya mtindi katika Wikipedia hiyohiyo ilibishaniwa kwa miaka, tangu ilipohamishwa mwaka 2003 mpaka iliporudishwa mwaka 2011, juu ya herufi moja tu ya tahajia ya jina lake la Kiingereza, yogurt au yoghurt. Ukijikuta katika ubishi wa aina hiyo, acha tahajia iliyokuwapo na utafute makala isiyo na chanzo hata kimoja uifanyie kazi.

Mkikwama

Wawili wakishindwana, walete wa tatu, na mapema. Wikipedia kubwa zina mahali maalumu pa kuomba rai ya mtu mmoja wa nje, na pa kuomba maoni ya jumuiya nzima, jambo ambalo katika ile ya Kiingereza kwa kawaida hudumu siku 30 kabla ya mhariri asiyehusika kuyasoma yote na kuandika uamuzi. Anayefunga mjadala huo hupima hoja na vyanzo, hahesabu vichwa. Katika Wikipedia ndogo huenda vyombo hivyo havipo, na ukurasa wa jumuiya ndio baraza la pekee. Popote uendapo, eleza suala kwa maneno ambayo hata mpinzani wako angekubali kwamba ni ya haki, na umjulishe kwamba umelipeleka huko. Kuwaandikia kwa siri wale tu unaojua watakuunga mkono ni kosa, na kufungua akaunti ya pili ili ionekane mko wengi ni kosa kubwa zaidi, ambalo huishia katika kuzuiwa.

Jumuiya ndogo ina hatari yake. Watu wanne wanaofahamiana wanaweza kuafikiana juu ya jambo lisiloungwa mkono na chanzo chochote cha maana, na asiwepo wa kuwauliza. Wikipedia ya Kikroeshia ilidhibitiwa kwa miaka na kikundi kidogo cha watu wenye mamlaka ya ukabidhi walioipotosha historia ya karne ya 20, hadi wahariri wengine wakaikomboa, na mwaka 2021 Wikimedia Foundation ikachapisha tathmini ya yaliyotokea. Maafikiano yana thamani yakiwa ndani ya mipaka ya vyanzo na ya kutoegemea upande. Nje ya hapo hayana tofauti na njama.

Matusi, vitisho na kumfuata mhariri kutoka makala moja hadi nyingine ili kumsumbua ni suala jingine kabisa, na usilichanganye na hoja ya maudhui. Kusanya viungo vya mabadiliko husika, uvipeleke kwa wakabidhi, na utaje kanuni iliyovunjwa. Tangu 2021 miradi yote ya Wikimedia ina kanuni za mwenendo za pamoja zinazokataza mambo hayo. Eleza alichofanya mtu bila kueleza yeye ni mtu wa namna gani.

Baada ya uamuzi

Ukishindwa, kubali uamuzi, na kama ukurasa bado unakuchoma, uondoe kwa muda katika orodha ya maangalizi yako, yaani ya kurasa unazofuatilia. Ukirudi, rudi na chanzo kipya. Kuanzisha mjadala uleule kila mwezi kwa hoja zilezile huwachosha hata waliokuwa upande wako. Ukishinda, usifute malumbano ya nyuma wala kuyahariri. Yahamishie kwenye nyaraka za ukurasa wa majadiliano yakiwa marefu, uandike juu kabisa mistari michache inayoeleza kilichoafikiwa, lini, na kwa vyanzo gani, kisha ndani ya makala, kando ya sentensi iliyogombaniwa, weka dokezo lililofichwa linaloonekana kwa anayehariri tu, likimwelekeza asome mjadala huo kabla ya kuigusa.