Kujiandaa kwa Mafunzo ya Kuruta na Miezi ya Kwanza Jeshini

Kijana anayetaka uaskari kwa kawaida huanza na mbio, wala hakosei, ila wengi huziharakisha. Pumzi huongezeka ndani ya wiki chache, lakini mifupa ya miguu huchukua muda mrefu zaidi kuimarika, na anayekimbia masafa marefu kwa pupa karibu na siku ya kuripoti huweza kufika kambini akiwa na ufa mdogo kwenye ugoko. Anza miezi kadhaa kabla, ongeza umbali kidogo kidogo, kisha zoea kutembea haraka ukiwa na mzigo mgongoni, kwa sababu askari wa miguu hutembea kuliko anavyokimbia. Katika uchunguzi wa afya usifiche jeraha la zamani, maana litajitokeza tu mafunzo yatakapopamba moto.

Miguu ndiyo ninayowasisitizia makuruta kuliko kitu kingine chochote. Ukigawiwa buti mpya, zivae bwenini jioni kabla ya kuziendea safari ndefu. Kila mnaporuhusiwa kupumzika, kausha katikati ya vidole, badilisha soksi, na ile iliyolowa ifunge nje ya begi ikauke mkiwa njiani. Ukihisi joto kwenye kisigino, bandika plasta papo hapo, usingoje lengelenge litoke. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia maelfu ya askari wa Uingereza waliondolewa mstari wa mbele kwa sababu ya miguu iliyoharibiwa na maji na baridi ya mahandaki, hata ikaamriwa wakaguane miguu na kuipaka mafuta ya nyangumi.

Kwata, kutandika kitanda bila kunyanzi na kung'arisha buti huonekana kuwa usumbufu mtupu. Mkufunzi anapokishika kifungo chako na kukitazama, anachopima ni kama ulilitii agizo dogo hata ulipokuwa hoi. Jibu "Ndiyo, afande", urekebishe, usianze kujieleza. Kwa kuwa adhabu mara nyingi huwashukia wote, anayemaliza mapema amsaidie mwenzake kukunja kombati. Kuruta hodari anayejali kitanda chake peke yake hachukui muda kuchukiwa, na nadhani huwa anastahili.

Usiku wa lindo una ufundi wake. Macho huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza, na mwanga wa simu wa nukta chache tu hukurudisha mwanzo. Kitu usichokiona vizuri usikikodolee, bali tazama pembeni yake kidogo, nacho kitajitokeza. Usiketi wala kuegemea ukuta, na usiondoke mpaka anayekupokea zamu awe amesimama mbele yako na kusikia yote uliyoyaona. Kuhusu silaha, ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, mdomo wake usimwelekee mtu, na kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka unapokusudia kufyatua.

Kabla ya kuondoka nyumbani, lipa madeni unayoweza kulipa na umkabidhi mtu unayemwamini shughuli zako. Waeleze wazazi au mwenzi wako kwamba simu huenda zikazuiwa kwa wiki nyingi, ili ukimya wako usiwatie hofu.