Samadi iende kwa kabichi, karoti ingoje zamu yake

Mara ya kwanza nilipolima karoti kule Lushoto, nilizika kwenye tuta samadi ya mbuzi iliyotoka zizini wiki ileile. Majani yalistawi hadi jirani akanisifia. Siku ya kung'oa, karoti moja ina miguu miwili, nyingine mitatu, nyingine imeota ndevu kama mzee. Mchuuzi alizigeuzageuza kwenye tenga, akacheka, akataja bei ya chakula cha sungura. Samadi haikuwa na kosa, ila niliipeleka kwa zao lisilo lake, tena ikiwa mbichi.

Wakulima wengi wa mboga milimani Usambara wana shamba kubwa kuliko samadi. Ng'ombe wawili wa bandani, mbuzi wachache, kuku wa kuokota. Ukiitawanya kidogo kidogo kila mahali, hakuna zao linaloshiba. Na kila Fuso linaloshuka Soni na Mombo kwenda Kariakoo na kabichi limebeba pia rutuba ya shamba lako, wala halirudi nayo. Kwa hiyo gawa shamba vipande vinne, sehemu kubwa ya samadi nzuri iende kipande kimoja kwa msimu, kisha mazao yaifuate kwa zamu.

Kabichi ndiyo mlafi, ianze yeye, au ndugu zake chainizi na koliflawa. Msimu unaofuata pale pale panda karoti au vitunguu bila kuongeza samadi. Samadi ya ng'ombe huachia msimu wa kwanza chini ya nusu ya naitrojeni yake, kile chakula cha majani, iliyobaki hutoka polepole, na hiyo ndiyo karoti inayoipenda. Zamu ya tatu ni maharage au njegere, ambazo vinundu vya mizizi yake hutengeneza naitrojeni kutokana na hewa. Hapa tunajidanganya kidogo. Tunang'oa maharage mzima mzima, tunayapeleka nyumbani kuyapura, halafu makapi yanachomwa uani. Sehemu kubwa ya naitrojeni ile imekwenda na punje. Makapi basi yarudi, ama shambani, ama yawe malalo ya ng'ombe. Zamu ya nne nyanya au viazi, na nusu ya kipimo cha samadi iliyoiva, kisha unarudi kwa kabichi.

Angalia ukoo wa mazao. Nyanya, viazi mviringo, hoho, bilinganya na nyanya chungu ni ukoo mmoja. Aliyetoa nyanya akaweka viazi amebadilisha shati tu, mnyauko wa bakteria unamsubiri palepale.

Kipimo? Kilo 2 za samadi iliyoiva kwa mita moja ya mraba zinatosha kwa kabichi. Debe lililojaa samadi yenye unyevunyevu lina kama kilo 10 au zaidi kidogo, kwa hiyo debe moja kwa mita 5 za mraba. Robo ekari, kiasi cha mita 1,000 za mraba, itataka debe 200, yaani tani 2. Ukitia kwenye mashimo badala ya kutawanya, viganja viwili vilivyoshikana kwa kila shimo, uchanganye na udongo kabla ya kuweka mche. Samadi ya kuku ni kali, punguza hadi theluthi, na isiguse mizizi.

Sasa kuiva kwenyewe, maana hapa ndipo samadi nyingi hupotea. Kazi inaanzia bandani: sehemu kubwa ya naitrojeni na potasi hutoka na mkojo, na sakafu tupu inaumwaga mtaroni. Weka malalo ya mabua au majani makavu yaunyonye. Kisha panga lundo lenye upana wa mita moja na nusu na kimo cha mita moja hivi: tabaka la samadi, tabaka la majani, maji ya kulowesha, hadi mwisho. Funika kwa majani ya mgomba. Jua huikausha, mvua huichuja, na ile harufu kali inayochoma pua ni naitrojeni yako inayopaa.

Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku nne au tano kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, kina unyevu na kinanukia udongo, liache. Kikiwa kikavu na kina ukungu mweupe, ongeza maji. Kikiwa cha baridi na kinanuka kama yai viza, lundo limezama majini, ligeuze na utie majani makavu. Ligeuze kila baada ya wiki tatu. Miezi miwili hadi mitatu likishaiva hutatambua kinyesi kilikuwa kipi na bua lilikuwa lipi. Ukifinya mkononi linashikana, halidondoshi maji. Joto la lundo pia huua mbegu nyingi za magugu. Kwa mboga zinazoliwa mbichi sitaki kuona samadi mbichi kabisa.

Samadi isipotosha, milima yenyewe ina mbolea kingoni mwa njia. Alizeti pori, yale maua ya njano, na tughutu, kichaka cha huku tunachokijua sote. Kata machipukizi laini kabla hayajachanua, yakatekate, yazike kwenye mtaro wa tuta wiki mbili kabla ya kupanda. Udongo wetu mwingi ni wa asidi na una njaa ya fosforasi, ndiyo maana maharage hudumaa hata pale samadi ilipokuwepo. Fosfeti ya Minjingu, mbolea ya mawe yenye fosforasi, inafaa udongo wa namna hiyo, na ikizikwa pamoja na tughutu au alizeti pori hufanya kazi vizuri zaidi.

Majivu nayo yanapunguza asidi, ila usiyachanganye kwenye lundo la samadi, yanafukuza naitrojeni ikawa harufu. Yatawanye shambani siku nyingine, kabla ya mvua, hasa kipande ambacho kabichi ilitoka na mizizi yenye uvimbe. Mizizi hiyo ina ugonjwa, ichomwe. Usiitie kwenye lundo, na kabichi isirudi kipande hicho miaka mingi.