Kuingiza mwale wa leza kwenye faiba kwa kioo cha MEMS

Mwongozo huu ni kwa mwenye leza ya nanomita 1550, kolimeta mbili za faiba (lenzi zinazonyoosha mwale unaotoka au kuingia kwenye faiba), mita ya kupima nguvu ya mwanga kwenye faiba ya kupokelea, na chipu ya MEMS, yaani kioo kidogo sana kwenye chemchemi za silikoni, kinachoinama kwa mihimili miwili kwa umeme tuli. Vioo vya aina hii ndivyo vinavyogeuza njia za mwanga ndani ya swichi za Palomar kwenye vituo vya data vya Google, zenye milango 136 ya kuingia na 136 ya kutoka. Wewe anza na kimoja.

1. Funga vifaa mezani, safisha ncha za faiba, shusha leza hadi miliwati 1. Mwale hauonekani, kwa hiyo vaa miwani ya masafa hayo. Usipulizie kioo hewa ya kopo.

2. Andaa volti. Hapa ndipo wengi ninaowasaidia hukwama.

Nguvu inayovuta kioo hukua kwa mraba wa volti. Ukilisha volti upande mmoja tu wa mhimili, mwanzoni hakisogei, kisha kinaruka. Pandisha pande zote mbili hadi volti ya msingi, mathalani 80, halafu ongeza kiasi fulani, tukiite d, upande mmoja na upunguze d hiyo hiyo upande wa pili. (80 + d)² − (80 − d)² ni 320d, kwa hiyo mwinamo unaifuata d karibu sawasawa. Hiyo 80 ni mfano. Soma karatasi ya vipimo ya chipu yako na usivuke kikomo chake. Ukivuka, mvuto hushinda chemchemi, kioo kinanasa na huenda kisirudi.

Kisha mtetemo. Chemchemi za silikoni karibu hazina cha kuzituliza, hivyo volti ya ghafla huiacha mita ikipanda na kushuka. Weka filta ya kupitisha masafa ya chini kabla ya amplifaya inayokuza volti za kioo: kioo chenye mtetemo wa asili wa hezi 1000, kata kwenye 500. Chagua filta ya aina ya Bessel, si Butterworth, ambayo yenyewe hupitiliza kabla ya kutulia. Na iwe ya kwenye ubao wa saketi hata kama unayo ya programu, kwa sababu programu ikikatika ghafla, filta ya ubao bado inakilinda kioo.

3. Chomeka kalamu ya mwanga mwekundu ya mafundi wa faiba upande wa kupokelea. Zungusha skrubu hadi doa litue katikati ya kioo na kuingia kolimeta ya upande wa leza. Fokasi ya mwanga mwekundu si ya 1550, kwa hiyo hii ni ya kukaribia tu.

4. Rudisha leza na mita, kisha inamisha kioo kwa mzunguko wa konokono, ukianzia katikati kwenda nje, hadi mwale uipate faiba. Kwa lenzi ya fokasi ya milimita 4 na faiba ya kawaida ya modi moja, kioo kikikosea digrii 0.037, mwale unakosea mara mbili yake na unapoteza zaidi ya nusu ya mwanga. Hatua zako zisizidi digrii 0.02. Mita ikishtuka, panda kilele mhimili mmoja baada ya mwingine.

5. Hifadhi thamani za d. Ukizima, rudisha d kwenye 0 kwanza, kisha shusha volti ya msingi polepole.