Namna ya kuonyesha sinema bubu kama zilivyoonyeshwa zamani

Sinema bubu zilikuwa na kelele nyingi. Ukumbini palikuwa na mpiga piano, mara nyingi na msimulizi pia, na watazamaji hawakuona haya kupiga mayowe. Mwekee mtu wa leo filamu hizo kwenye kompyuta bila chochote, atachoka upesi, na hana kosa. Mimi huziandaa hivi.

1. Panga filamu
Anza na fupi. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu waliolipa kiingilio katika Grand Café jijini Paris, walipanga filamu kumi, kila moja chini ya dakika moja. Mojawapo ni ile ya mtunza bustani anayerushiwa maji na mpira wake mwenyewe kwa utundu wa kijana. Haijawahi kukosa vicheko. Baada ya fupi nne au tano, weka Le Voyage dans la Lune (Safari ya Mwezini) ya Mfaransa Georges Méliès, ya mwaka 1902, robo saa hivi. Méliès alifariki mwaka 1938, kwa hiyo hakimiliki yake imekwisha katika nchi nyingi. Muziki uliobandikwa kwenye nakala mpya una mwenyewe, zima sauti.

2. Rekebisha mwendo
Hapa ndipo maonyesho mengi yanapoharibika. Kamera ya Lumière ilizungushwa kwa mkono, takribani fremu, yaani picha moja moja, 16 kwa sekunde. Filamu za sauti huenda kwa fremu 24. Nakala ya zamani ikichezwa kwa kasi hiyo mpya, watu hutembea kama wanaokimbizwa, na ndiyo sababu wengi wanadhani waigizaji wa kale walikuwa wakirukaruka. Fungua faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video, punguza kasi hadi 0.67, yaani 16 kugawanya kwa 24, kisha tazama miguu ya wapita njia na maji yanayomwagika. Yakienda kama maji, acha hapo. Nakala nyingine zimesharekebishwa, usizipunguze mara ya pili. Macho yako yaaminiwe kuliko namba.

3. Picha
Iache katika umbo lake la 4 kwa 3. Ukiivuta ijaze ukuta, watu wote wananenepa. Ficha kishale cha kompyuta.

4. Tafuta msimulizi
Hatua hii nisingeiacha hata kama sina projekta nzuri. Japani msimulizi aliitwa benshi, na watu walikata tiketi kwa ajili yake zaidi ya waigizaji. Kwetu kazi hii haijafa: Uganda kuna wasimulizi wa filamu waitwao ma-VJ, Kenya kuna DJ Afro, Tanzania wapo wanaotafsiri filamu za kigeni na kuzijaza maneno yao. Tafuta mtu wa aina hiyo.

Aitazame filamu mara kadhaa kabla ya siku yenyewe. Ile ya Méliès haina maandishi yoyote ya kueleza kisa, hivyo awape wanaanga majina na tabia, awagombanishe kwenye mkutano wao wa mwanzo. Kisha mkubaliane mahali pa kunyamaza. Chombo kinapomchoma mwezi jichoni, asiseme neno. Ukumbi utasema wenyewe. Kama filamu ina maandishi, ayasome kwa Kiswahili kwa sauti ya mhusika.

5. Muziki
Mpigaji mmoja anatosha, wa kinanda au hata udi. Mpe orodha ya matukio tu, abuni mwenyewe. Akae anapoiona picha, na apunguze sauti ya ala msimulizi anapoongea. Fanyeni mazoezi pamoja.

6. Siku ya onyesho
Usianze na picha inayotembea. Lumière walianza na picha iliyoganda, na Méliès, aliyekuwamo ukumbini mwaka 1895, alidhani ameitwa kutazama picha za kawaida tu, mpaka farasi alipoanza kutembea kumwelekea. Simamisha fremu ya kwanza, subiri watu waanze kunong'ona, ndipo ucheze.

Funga na Démolition d'un mur (Kubomoa Ukuta) ya Lumière, ya mwaka 1896: ukuta unabomolewa, halafu filamu inarudishwa kinyumenyume na ukuta unasimama tena. Waonyeshaji wa enzi hizo walifanya hivyo hivyo. Faili la kinyume litayarishe mapema kwa programu ya kuhariri video, na uliweke karibu, maana watoto wataomba lirudiwe.